Asilimia 5.5 Zinapita Njia Gani Kuja Newala?

Jioni moja tulikuwa kwenye kijiwe cha kahawa Mtwara mjini, redio ikasoma habari kwamba uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 5.5 mwaka 2024, baada ya kukua kwa asilimia 5.1 mwaka 2023. Mzee mmoja wa Newala, aliyeshuka mjini kumwona mjukuu wake anayesoma huku, aliweka kikombe chini akaniuliza: "Mwalimu, hizo tano na nusu wamegawiwa akina nani? Maana kwetu hazijafika."

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu gari lake lilikuwa linakaribia kuondoka. Jibu lile halikumtosha, wala mimi halikunitosha. Swali lake nimelisikia kwa sura nyingi: dukani, kwenye daladala, kwenye makundi ya WhatsApp kila bajeti inaposomwa. Wapo wanaosema takwimu zimepikwa. Wapo wanaoamini kuna fungu mahali limegawanywa likaishia njiani. Na wapo wanaosema tusubiri tu, uchumi ukikua lazima utatufikia. Nadhani makundi yote matatu yamekosea, na kosa linaanzia kwenye maneno yenyewe. Basi tuanze na maneno.

Kinachohesabiwa ni nini

Pato la taifa ni jumla ya thamani ya kila kitu kilichozalishwa ndani ya nchi kwa mwaka mmoja: korosho, saruji, umeme, nywele zilizosukwa saluni, kipindi alichofundisha mwalimu, safari ya bodaboda. Chukua kijiji chenye kaya kumi. Nne zinalima korosho, mbili zinavua, moja ina duka, moja inapika maandazi, moja ina bodaboda, moja ni ya mwalimu. Jumlisha walichozalisha wote bila kuhesabu kitu kimoja mara mbili, maana unga aliouza mwenye duka usije ukahesabiwa tena ndani ya andazi. Umepata pato la kijiji. Mwakani ukijumlisha tena ukakuta limeongezeka, uchumi wa kijiji umekua.

Angalia sasa kwamba katika hesabu hiyo hakuna sanduku lililokusanya fedha likisubiri kugawa. Kila kipande cha pato kina mwenyewe tangu kilipozaliwa. Shilingi iliyotoka kwenye andazi ni ya mpika maandazi, na iliyotoka kwenye samaki ni ya mvuvi na mwenye chombo. Kwa hiyo mzee wangu aliuliza swali sahihi. Wamegawiwa waliokuwepo pale kitu kilipozalishwa: mfanyakazi kwa ujira wake, mwenye mtaji kwa faida yake, mwenye ardhi kwa kodi ya pango, na serikali kwa ushuru. Ukuaji ukitokea mahali ambapo wewe hukuwepo kwa lolote kati ya hayo, utausikia redioni tu.

Neno la pili ni "halisi". Asilimia 5.5 ni ukuaji halisi, yaani umeondolewa bei. Watakwimu hawataki kudanganywa na kupanda kwa bei: maandazi mia yakiuzwa mwaka huu kwa shilingi mia mbili badala ya mia, kijiji hakijapika andazi hata moja la ziada. Kwa hiyo huhesabu mazao ya mwaka huu kana kwamba yameuzwa kwa bei za mwaka mmoja uliochaguliwa. Kwa takwimu hizo za Tanzania za 2024, mwaka huo ulikuwa 2015.

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu sisi wa kusini jambo hili linatugusa kuliko wengi wanavyofikiri. Msimu wa korosho wa 2023/24 bei minadani ilichezea karibu na shilingi 2,000 kwa kilo. Msimu uliofuata minada ilifunguliwa kwa zaidi ya shilingi 4,000. Mkulima wa Tandahimba aliyevuna magunia yaleyale alipata fedha karibu mara mbili: bati zikapandishwa, ada zikalipwa, sherehe za unyago zikafanyika kwa nafasi. Lakini ukuaji halisi huyaona magunia tu, na magunia ni yaleyale. Kwa kipimo hicho mkulima huyo hakukua.

Igeuze sasa. Mwaka 2017 mbaazi zilistawi. Mwezi Agosti India, mnunuzi wetu mkubwa, ikaweka kikomo cha mbaazi inazoruhusu kuingia, na bei huku kwetu ikaanguka vibaya. Magunia yaliongezeka, kwa hiyo kwenye jedwali la mazao huo ni ukuaji. Nyumbani ilikuwa njaa ya fedha. Anayekuambia uchumi umekua na anayekuambia maisha yamekuwa magumu wanaweza wote wawili kuwa wanasema kweli siku hiyohiyo, kuhusu gunia hilohilo.

Ndiyo maana sipendi haraka ya kusema takwimu zimepikwa. Mara nyingi kipimo kimepima sawasawa kile kilichoundwa kukipima. Mchumi Simon Kuznets, aliyeandaa hesabu za mwanzo za pato la taifa la Marekani, aliwaonya wabunge wa nchi hiyo tangu mwaka 1934 kwamba ustawi wa watu hauwezi kusomwa moja kwa moja kutoka kwenye pato la taifa. Mizani ya ghalani inakupa uzito wa gunia. Haikuambii kama korosho zilizomo ni nzima au zimeoza, wala gunia ni la nani.

Wastani na sahani

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ilitangaza kwamba Tanzania imeingia kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Kipato kwa kila mtu kilikuwa kimefika dola 1,080 kwa mwaka 2019, na mstari wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Kwa viwango vya kubadilishia fedha vya wakati ule, hizo ni karibu shilingi milioni mbili na nusu kwa mwaka, au zaidi kidogo ya laki mbili kwa mwezi. Kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Familia ya watu watano ingekuwa na kama shilingi milioni moja kila mwezi.

Nilipoiandika hesabu hiyo ubaoni darasani, wanafunzi walinyamaza kwa muda. Wengi wao hawajawahi kuona nyumbani kwao mwezi wenye milioni moja, isipokuwa mwezi wa malipo ya korosho.

Wastani ni jumla iliyogawanywa kwa idadi ya watu, basi. Rudi kwenye kijiji chetu: kaya tisa zikizalisha shilingi laki moja kila moja, na ya kumi ikazalisha milioni tisa na laki moja, wastani wa kijiji ni milioni moja, na hakuna kaya hata moja inayoishi kwa milioni moja. Wastani hauliwi. Serikali haikuahidi kumpa mtu dola 1,080, wala hakuna aliyeziiba za kwako. Ni namba ya kulinganishia nchi na nchi, au mwaka na mwaka, na kwa kazi hiyo inafaa.

Kitu kingine kinachomeza ukuaji kimyakimya ni idadi ya walaji. Sensa ya 2012 ilikuta Watanzania milioni 44.9, na ile ya 2022 ikakuta milioni 61.7. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.2 kila mwaka. Mkoa wa Mtwara ulitoka watu milioni 1.27 ukafika milioni 1.63, na Lindi ikatoka laki 8.6 hadi milioni 1.19. Sasa chukua asilimia 5.5 za ugali ulioongezeka, toa asilimia 3.2 za midomo iliyoongezeka. Kinachobaki kwa kila mlaji ni asilimia mbili na ushee. Kwa mwendo huo wastani wa kipato unakuwa mara mbili baada ya miaka kama thelathini, yaani mtoto anayezaliwa leo Masasi ataona tofauti hiyo akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Ukuaji upo, lakini mwendo wake ni wa kobe ukiutazama ukiwa umesimama mlangoni kwako.

Na umaskini? Tafiti za kaya za Ofisi ya Taifa ya Takwimu zinaonyesha kuwa mwaka 2007 Watanzania 34.4 katika kila mia waliishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Mwaka 2011/12 walikuwa 28.2, na 2017/18 walikuwa 26.4. Unapungua. Lakini hebu linganisha vipindi hivyo viwili: kutoka 2011/12 hadi 2017/18, miaka ambayo uchumi ulikuwa ukikua kwa karibu asilimia sita au saba kila mwaka, umaskini ulipungua kwa chini ya watu wawili katika kila mia. Na mstari wenyewe si wa anasa: ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi.

Ukuaji mwingi, upungufu mdogo wa umaskini. Kwa nini? Hapo ndipo penye kiini cha makala hii, na mfano wake tunao huku huku kwetu.

Gesi na korosho

Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kutumika mwaka 2004. Ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2015 bomba kubwa kutoka Madimba, mkoani Mtwara, hadi Dar es Salaam likazinduliwa. Kwa miaka kadhaa zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya taifa ulitokana na gesi hii, wakati Mtwara na Lindi zenyewe zikitegemea mtambo wao mdogo nje ya gridi na kukatikiwa umeme mara kwa mara. Kila anayeishi huku anakumbuka mwaka 2013, watu walipotoka barabarani kuikataa safari ya gesi, na wapo waliopoteza maisha. Siandiki haya kufukua makaburi. Nayataja kwa sababu hasira ile ilikuwa swali la kiuchumi ambalo hakuna aliyelijibu kwa utulivu: utajiri ukitoka chini ya miguu yangu, unanifikiaje?

Jibu la kweli ni kwamba gesi haina mikono mingi. Kisima kikishachimbwa na bomba likishalazwa, mitambo huendeshwa na watu wachache wenye ujuzi mkubwa. Thamani inayotoka ni kubwa mno, wanaolipwa mshahara ni wachache, na sehemu ya faida huenda kwa wenye mitaji walioko nje ya nchi. Kwenye pato la taifa gesi hiyo inahesabiwa yote, kwani imezalishwa ndani ya mipaka. Kwenye mifuko ya watu wa Msimbati, jirani na visima vya Mnazi Bay, inaingia kwa vijito: ushuru wa huduma unaolipwa kwa halmashauri, ambao ni chini ya asilimia moja ya mauzo, vibarua wa ujenzi kwa msimu, mama lishe aliyeuza chakula kwa mafundi, na kodi inayokwenda Hazina ambayo kurudi kwake kunategemea maamuzi ya bajeti.

Korosho ni kinyume chake. Thamani ya tani moja si ya kutikisa dunia, lakini kabla haijafika ghalani imepita kwenye mikono mingi: aliyepalilia, aliyepuliza dawa, aliyeokota, aliyeanika, aliyebeba kwa baiskeli hadi chama cha msingi, karani, mwenye lori, mlinzi wa ghala. Kwa hiyo shilingi bilioni moja ya gesi na shilingi bilioni moja ya korosho ni sawa kabisa kwenye jedwali la Dodoma, lakini Nanyamba hazifanani hata kidogo.

Kitaifa picha ni hiyohiyo. Kilimo kinachangia kama robo tu ya pato la taifa, lakini kinabeba zaidi ya nusu ya nguvu kazi. Ujenzi na madini vikikua kwa kasi huku kilimo kikitambaa, asilimia ya jumla itapendeza na watu wengi watabaki walipokuwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza uchumi umekua kiasi gani, ningeuliza umekua wapi, na mikono ya nani ilikuwemo.

Tija si jasho

Neno jingine linalosemwa sana mikutanoni ni tija, na linaeleweka vibaya. Kiongozi akisema "tuongeze tija", mkulima anasikia "ninyi wavivu, fanyeni kazi zaidi". Tija haina maana hiyo. Tija ni kiasi unachopata kwa kila kipimo cha unachotia: kilo kwa mti, magunia kwa ekari, shilingi kwa saa ya kazi. Mtu anaweza kuamka alfajiri na kulala usiku wa manane mwaka mzima na tija yake ikabaki ndogo. Tena maskini ndivyo wengi wanavyoishi.

Chukua wakulima wawili wenye mikorosho arobaini kila mmoja. Wa kwanza ana mikorosho ya babu, imezeeka na kusongamana, matawi yameshikana. Unapofika wakati wa kuchanua, ubwiriunga unaingia, ule ukungu mweupe unaokausha maua, naye hana salfa, dawa ya kuuzuia. Anaokota, tuseme, kilo tatu kwa mti. Wa pili amekata mizee, akapanda miche bora iliyotoka kituo cha utafiti cha Naliendele kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, akapogolea na kupuliza dawa kwa wakati. Anaokota kilo kumi kwa mti. Siku za kazi hazijapishana sana, lakini wa kwanza ana kilo 120 na wa pili ana 400. Tofauti imeletwa na mbegu, maarifa, dawa iliyofika kwa wakati, na fedha ya kusubiri miaka michache mti mpya uanze kuzaa. Hakuna katika hivyo kinacholetwa na jasho peke yake.

Fedha ya kusubiri ndiyo ngumu kuliko yote. Kukata mkorosho wa zamani unaokupa kilo tatu za uhakika, ili upande mche utakaokulipa baadaye, ni uamuzi ambao mwenye njaa hauwezi. Ndiyo maana ninaposikia wakulima wakilaumiwa kwa kung'ang'ania miti mizee, naona wanaolaumu hawajawahi kuhesabu siku kati ya mavuno na mavuno.

Mtaji mkubwa nao peke yake hauleti tija. Wazee wa Nachingwea wanalijua hili kuliko mchumi yeyote. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walimwaga mamilioni ya pauni kwenye mpango wa karanga Nachingwea, Kongwa na Urambo. Matrekta yakaletwa, misitu ikafyekwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea, bandari ya kina kirefu nayo ikajengwa. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Karanga zilizovunwa zilikuwa kichekesho mbele ya fedha zilizotumika. Reli ikang'olewa miaka ya sitini, bandari ikabaki. Miaka ile matumizi na ajira vilipanda, na kama kungekuwa na jedwali la ukuaji la wilaya, Nachingwea ingeongoza. Lakini hakuna aliyejiuliza mapema kama udongo ule na mvua zile zingelipa gharama. Fedha ilipita kama mafuriko ya mto Mbwemkuru, na maji yalipopungua watu walikuwa palepale.

Sasa tuseme tija imepanda kweli. Bado kuna swali: nani anabaki nayo? Huku tunajua kangomba. Mkulima mwenye mgonjwa au mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shule anauza korosho mapema, kwa bakuli, kwa bei ya kutupa, kwa mtu atakayezipeleka mnadani kwa bei ya soko. Kilo zilizoongezeka kwa salfa na palizi zimemtajirisha mwingine. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007, ulikusudiwa kuziba tundu hilo: korosho zinakusanywa ghalani, zinauzwa kwa mnada wa wazi, mkulima analipwa baada ya makato. Mfumo una lawama zake, hasa malipo yakichelewa na makato yakiwa mengi kuliko yanavyoelezwa. Lakini ninauunga mkono, na sababu yangu ni moja: unampa mkulima wa gunia mbili bei ileile ya mkulima wa gunia mia mbili. Asiye na uwezo wa kusubiri, tija yake ina njia ya kuvujia.

Uvujaji mwingine uko juu zaidi. Sheria ilikuwa inarudisha asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje kwenye maendeleo ya zao lenyewe, zikiwemo pembejeo. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, fedha zote zikaenda Mfuko Mkuu wa Serikali, na wabunge wa kusini wakapiga kelele. Hoja yao haikuwa ya ubinafsi wa kanda. Walikuwa wanatetea salfa ya msimu unaofuata, yaani tija ya watu wengi wenye miti michache.

Kazi tunayoipakia melini

Sehemu kubwa ya korosho zetu huondoka ghafi kwenda India na Vietnam, zikabanguliwe huko. Kilo nne hadi tano za ghafi hutoa kilo moja iliyobanguliwa, na kati ya hizo mbili kuna kazi: kuchemsha au kukaanga, kupasua, kumenya ngozi, kupanga madaraja, kufungasha. Ni kazi ya mikono mingi, na kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Tunapopakia korosho ghafi bandarini tunapakia na siku za kazi za watu ambao hawajaajiriwa.

Viwanda tulikuwa navyo. Kumi na viwili vilijengwa miaka ya sabini na themanini, na vingi vikafungwa kabla havijazeeka: mitambo mikubwa iliyopasua vibaya, vipuri vya kuagiza, uzalishaji wa korosho ulioanguka wakati uleule. Kwa hiyo kusema "tujenge viwanda" hakutoshi. Kiwanda kinachobangua kwa gharama kubwa kuliko Vietnam kitaishi kwa ruzuku, na siku ruzuku ikikatika kitakuwa ghala la popo. Kinachohitajika ni tija ya kubangua: umeme usiokatika, ujuzi, mtaji wa kununua ghafi ya mwaka mzima wakati wa minada ya wiki chache. Hili la mwisho halisemwi sana, nalo ndilo linalowaua wabanguaji wadogo. Msimu unapofunguliwa, wao wanashindana na wanunuzi wenye mikopo ya riba nafuu kutoka ng'ambo.

Yale ambayo mfuko hauyaoni

Nisieleweke kwamba ukuaji ni porojo. Mwaka 2004/05, kati ya watoto elfu moja waliozaliwa hai Tanzania, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta 43. Chanjo, vyandarua, dawa, wauguzi na barabara ya kufika zahanati vililipiwa na kodi na misaada, na kodi hukua uchumi unapokua. Mama ambaye mtoto wake hakufa hana risiti ya kuonyesha, na mfukoni mwake hakuna kilichoongezeka. Lakini maisha yake yamebadilika kuliko bati jipya linavyoweza kuyabadilisha.

Na daraja la Mkapa. Kabla halijafunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kwenda Dar es Salaam alivuka Rufiji kwa pantoni, na masika yakikolea kusini ilikuwa kama kisiwa. Leo basi linaondoka Mtwara alfajiri na jioni umefika. Muuguzi, samaki wa barafu, kitabu cha shule, vyote vimepita pale.

Kuna pia faida ambazo pato la taifa halizioni kabisa. Uwanda wa juu wa Makonde umekuwa na shida ya maji tangu enzi za mababu, na bibi zetu walishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani kwa saa nyingi. Kazi ile haikuwahi kuingia kwenye hesabu kwa sababu hakuna aliyeilipa. Bomba likifika kijijini, hesabu inaona bili ndogo ya maji. Haioni saa zilizorudishwa kwa mwanamke, wala shingo iliyopumzika. Kinyume chake, mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua, barabara kuu ya kusini ikakatika wilayani Kilwa na magari yakakwama siku kadhaa. Kazi ya kuirudisha ile barabara ilihesabiwa kama uzalishaji. Tulirudishwa tulipokuwa jana, na jedwali likaandika ongezeko.

Basi, redio ikisoma asilimia tena, mimi husubiri habari nne kabla ya kufurahi au kukasirika: kilimo na uvuvi vimekua kiasi gani peke yake, watu wameongezeka kiasi gani, bei ya tunachouza imepandaje ikilinganishwa na bei ya tunachonunua, na halmashauri yangu imepata nini na imekipeleka wapi. Hizo tatu za mwanzo hutangazwa, ukisikiliza hadi mwisho wa habari. Ya nne huulizwa kwenye mkutano wa kijiji, ambako taarifa ya mapato na matumizi ni haki ya kila mkazi.

Yule mzee wa Newala nilimpigia simu baadaye, nikamweleza haya kwa utulivu ambao kijiweni haukuwepo. Alisikiliza, akaguna kwenye gesi, akanyamaza kwenye habari ya watoto. Kisha nikamuuliza mikorosho yake inatoa kilo ngapi kwa mti. Akasema amekuwa akihesabu magunia maisha yake yote, kwa mti hajawahi.

"Ile mitatu ya nyuma ya nyumba niliyopanda kwa miche ya Naliendele," akauliza, "niihesabu peke yake?"

Nikamwambia ndiyo, Mzee, ile iwekee gunia lake.